Kufufua Antena Kuukuu ya Redio: Kutoka Rundo la Mabomba Hadi Mlingotini

Antena yangu ilifika Kisumu juu ya keria ya matatu kutoka Nakuru. Ilikuwa mabomba ya alumini yaliyofungwa pamoja kwa mpira wa tyubu, na kigunia cha nati zilizoshikana kwa kutu. Makanga alipoyashusha stendi aliniuliza, "Mzee, hii skrapu unapeleka kwa nani?" Sikumlaumu. Aliyeniuzia alikuwa amestaafu, anahamia kwa binti yake, na karatasi za maelekezo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Leo antena hiyo iko juu ya nyumba yangu na inasikika Ulaya. Haya ndiyo niliyofanya, pamoja na yale ambayo ningefanya tofauti.

Ninayoizungumzia ni antena ya mwelekeo ya elementi tatu, ile ya masafa ya megahezi 14, 21 na 28. Umbo lake unalijua hata kama hujawahi kugusa redio ya mawasiliano: ni kama mifupa ya mbuta iliyobaki kwenye sahani, uti mmoja na mbavu zilizoukatiza. Antena za televisheni za enzi ya KBC ni za ukoo huo huo. Hapa nitaliita bomba kuu uti, na mbavu ndizo elementi. Elementi ndefu ya nyuma ni kiakisi, ya katikati ndiyo inayopokea kebo, na fupi ya mbele ni kielekezi.

Jambo moja la kushika kabla hatujaanza: antena hii haizeeki mabombani, huzeekea maungioni. Alumini iliyokaa juani miaka ishirini bado ni alumini. Kinachoharibika ni pale bomba linapoingia ndani ya bomba, pale bolti inapobana waya, na pale kebo inapofungwa. Kwa hiyo muda wako mwingi utaumalizia hapo.

Kabla ya kutoa pesa

Kama antena bado imesimama kwa muuzaji, una bahati. Omba uishushe mwenyewe. Piga picha kila kiungo kabla hujalegeza nati, kisha pima kwa utepe ni kiasi gani cha bomba jembamba kinatokeza nje ya lile nene, na uandike kwenye daftari. Vipimo hivyo ndivyo mali unayonunua. Mabomba matupu yanapatikana kwingine.

Tia alama kwa rangi ya kucha: nukta moja kwa kiakisi, mbili kwa elementi ya katikati, tatu kwa kielekezi, na rangi tofauti kwa upande wa kushoto na wa kulia. Wino wa kalamu hufutika. Mimi kwa ujanja wangu, kwenye antena ya kwanza niliyoshika, nilipiga nukta kwa msumari na nyundo. Mabomba haya ni membamba. Kila nukta iliacha kinundu kwa ndani, bomba dogo likakataa kupita, na Jumamosi nzima ikaishia kwenye tupa.

Bomba lililopinda kidogo linanyooshwa, mara moja tu. Lenye ufa kwenye tundu la bolti halina dawa, likate au ulibadilishe. Uti uliopinda katikati, pale unaposhikana na mlingoti, ni sababu tosha ya kuaga na kwenda zako.

Na kibali je? Kusikiliza ni jambo moja, kurusha mawimbi ni jingine. Leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na alama za wito, yaani jina la kituo chako hewani, huku kwetu huanza na 5Z4. Fuatilia makaratasi mapema, maana antena hii itamalizika kabla yake.

Panga chini, upime

Tandaza kila kitu uani kwa mpangilio wa mifupa ile ile. Kama hakuna karatasi za maelekezo, hesabu ndogo itakusaidia kujua umeshika nini. Elementi nzima isiyo na kikorokoro chochote katikati, inayokatwa kuwa nusu ya wimbi, urefu wake kwa mita ni takriban 143 ukigawanya kwa megahezi. Kwa megahezi 14.2 unapata mita 10.07. Ukikuta elementi yako ina mita 8 hivi, na kila upande una mikebe ya alumini mfano wa kopo refu, basi ni antena ya masafa matatu, na mikebe hiyo ni trapu. Mkebe ulio karibu na uti ni wa megahezi 28, wa nje ni wa megahezi 21. Kuna aina zilizoweka zote mbili ndani ya mkebe mmoja.

Kiakisi huwa kirefu kuliko elementi ya katikati kwa takriban asilimia 5, na kielekezi ni kifupi kwa kiasi kama hicho. Vipande vya upande wa kushoto na wa kulia wa elementi moja vilingane. Ukiona havilingani, tafuta kosa hapo hapo.

Maungio

Alumini ikikaa hewani hujivika utando mweupe. Utando huo unaulinda mwili wa bomba, lakini haupitishi umeme vizuri, na ukiwa kati ya bomba na bomba ni sawa na kuweka karatasi ndani ya swichi. Lazima uondoke.

Tumia msasa laini au ile pedi ya kijani ya kusugulia sufuria. Usitumie sufi ya chuma: huacha vipande vidogo vya chuma vinavyoota kutu ndani ya kiungo usikoweza kuona. Sugua sehemu ya nje ya bomba dogo mpaka ing'ae, kisha usisahau ndani ya bomba kubwa. Wengi huishia nje kwa sababu ndani hakuonekani. Chukua kijiti cha ufagio, kizungushie msasa, ukifunge kwa uzi, usugue ndani kwa kina chote cha kiungo. Futa kwa kitambaa chenye spiriti. Kikitoka cheusi, rudia.

Hapo hapo, kabla hujaenda kunywa chai, paka grisi ya kuunganishia waya za alumini, kiasi kidogo kama unavyopaka siagi ya mwisho wa mwezi. Mafundi wanaounganisha nyaya za umeme za alumini wanaifahamu, na maduka makubwa ya vifaa vya umeme huwa nayo. Ukiikosa, mafuta mazito ya mgando ni afadhali kuliko kuacha kavu, kwa sababu angalau yanazuia maji na hewa. Epuka grisi yenye unga wa shaba. Shaba na alumini zikilowa pamoja zinatafunana, na anayeliwa ni alumini.

Ingiza bomba kwa kuzungusha ili grisi isambae, fika kwenye alama yako, bana. Kiungo kizuri ukikipima ukinzani (omu) kwa multimita, kutoka ncha moja ya bomba hadi nyingine, husoma sufuri au karibu yake, na namba haichezi ukitikisa.

Trapu

Hapa ndipo watu hukata tamaa, na ndipo wauzaji wa antena kuukuu hutegemea usichungulie. Ndani ya mkebe kuna koili ya waya, na mkebe wenyewe unafanya kazi ya kapasita. Kwa masafa yake, trapu hujifanya ukuta: umeme wa redio unaishia hapo na elementi inakuwa fupi. Kwa masafa ya chini, inapitisha.

Tikisa kila mkebe karibu na sikio. Kikigonga kitu, kuna kilichong'oka. Toa vifuniko vya plastiki vya ncha. Maseno ambako mstari wa ikweta unapita si mbali nasi, na jua hilo la utosini huvikausha vifuniko hivi mpaka vinavunjika kama maganda ya njugu. Ndani utakuta wapangaji. Kwangu nilimkuta nyigu aliyejenga nyumba ya matope, utando wa buibui, na kapi nene la wale wadudu wa ziwani wanaokuja jioni kama moshi. Uchafu huo ukilowa hupitisha umeme pasipotakiwa. Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza kwa maji safi, kisha anika kivulini siku mbili. Usichokonoe koili kwa waya: nafasi kati ya mizunguko yake ndiyo kipimo chake.

Pima kwa multimita toka upande mmoja wa trapu hadi mwingine. Koili nzima inasoma karibu sufuri. Isiposoma chochote, koili imekatika au skrubu yake imeoza, na mara nyingi ni skrubu. Multimita haikuambii kama masafa ya trapu yamehama. Kwa hilo azima kichambuzi kidogo cha antena, au linganisha tabia ya trapu ya kushoto na pacha wake wa kulia.

Mambo mawili ya kuzingatia unapozirudisha. Kwanza, usizichanganye, kwa sababu trapu za kiakisi si lazima zifanane na za kielekezi hata zikionekana mapacha. Pili, kila mkebe una vitundu vidogo vya kutolea maji, na vitundu hivyo vitazame chini. Nimeona antena nzuri ikiwa kiziwi kila msimu wa mvua kwa sababu tu mikebe ilitazama mawinguni kama bakuli za ombaomba.

Nati na klipu

Tupa zote. Nunua bolti na klipu za hosi za chuma kisichoota kutu, na uende sokoni na sumaku mfukoni. Pale Kibuye utaonyeshwa bolti zinazong'aa na kuambiwa ni stenlesi. Sumaku ikizing'ang'ania, ni chuma cha kawaida kilichopakwa. Halisi karibu haivutwi. Fundi hatafurahi, ila mwambie, "Fundi, hii inakaa juu ya mlingoti, siwezi kupanda kila mwaka," na atakutolea boksi la chini ya meza.

Ukikaza, usikaze kwa hasira. Bomba likibonyea limeisha.

Elementi ya katikati imekatwa katikati na kushikwa na kihami, kipande kisichopitisha umeme. Kihami chenye nyufa au weusi wa kuungua kibadilishwe. Pima kama nusu zake zimegusana na uti: kwa kawaida zisiguse. Lakini kuna antena zenye kipini kirefu cha waya kinachounganisha nusu mbili na uti kwa makusudi, na hizo multimita itakuonyesha zimeshikana. Hiyo si hitilafu.

Kebo

Kebo ya koaksi iliyokuja na antena kuukuu, iache huko huko. Maji yakiingia kwenye kichwa cha kebo hupanda ndani ya nyuzi zake kama mafuta ya taa kwenye utambi. Ukitaka ushahidi, kata mahali na uchunguze: nyuzi nyeusi maana yake imekwisha. Nunua ya omu 50, ile aina nene iitwayo RG-213 kama mfuko unaruhusu. Ya televisheni ni omu 75, haifai hapa.

Karibu na elementi, izungushe kebo mizunguko sita hadi minane, mduara wa sentimita 20 hivi, uifunge ibaki koili. Hiyo inazuia mawimbi kurudi nyumbani kwa ngozi ya nje ya kebo na kukuletea shoti ya mdomo kwenye maikrofoni.

Baada ya kulehemu na kufunga kichwa, zungushia utepe wa mpira unaojishikanisha, kisha utepe mweusi wa kawaida juu yake. Anza chini ukipanda, ili kila mzunguko ufunike ule wa chini yake, kama unavyopanga mabati. Ukianza juu, umetengeneza mfereji wa kuingizia maji. Na ile gundi ya silikoni inayonuka siki usiikaribishe hapo, inakula shaba.

Jaribu ukiwa bado ardhini

Usiipandishe ili ujue kama inafanya kazi. Isimamishe uti wima, kiakisi kikiwa chini karibu na ardhi na kielekezi kikitazama mbinguni, uuegemeze kwenye ngazi ya mbao. Ikitazama juu hivyo, ardhi haiisumbui sana, na mita ya SWR, ile inayoonyesha ni kiasi gani cha nguvu antena inakirudisha kwenye kebo badala ya kukirusha, itakupa picha iliyo karibu na ukweli.

SWR ya 1.5 maana yake asilimia 4 ya nguvu inarudi. Kwenye 2 ni asilimia 11, kwenye 3 ni asilimia 25. Kwa hiyo usipoteze usingizi kutafuta 1.0. Tafuta kwanza ni masafa gani SWR iko chini kabisa. Kama iko chini ya masafa unayotaka, elementi ni ndefu, ifupishe. Ikiwa juu, irefushe. Anza na megahezi 28 kwa kusogeza bomba lililo kabla ya trapu ya kwanza, kisha 21, mwisho 14 kwenye ncha. Ukienda kinyume utakuwa unafuta kazi yako mwenyewe. Sogeza sentimita mbili kwa mara moja, pande zote mbili sawa. Ikishapanda juu itahama kidogo, na ndiyo maana nakwambia usiote namba kamili.

Kupandisha

Fanya asubuhi. Kisumu mawingu hukusanyika mchana, na ukiwa katikati ya ngazi saa tisa utajuta.

Tazama nyaya za umeme kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Jumlisha urefu wa mlingoti na nusu ya elementi ndefu, ongeza mita tatu: hiyo ndiyo nafasi ndogo kabisa kati ya shina la mlingoti na waya wowote wa umeme. Kama kiwanja hakina nafasi hiyo, fupisha mlingoti. Waya wa volti 11,000 haungoji uuguse vizuri. Ukiwa jirani na uwanja wa ndege wa Kisumu, ulizia pia Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu kimo.

Mita 10 za bomba la maji la inchi mbili lenye zinki zinatosha. Ni kama nusu ya wimbi la megahezi 14. Lifunge kwa kamba za poliesta nyeusi pande tatu. Katani huoza, na waya mrefu wa chuma ukipita karibu na elementi unageuka kuwa elementi ya nne ambayo hukuiomba. Waliojenga kwenye udongo mweusi wa Kano wajue kwamba udongo huo hupasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha, na vigingi husogea nao. Kamba zikazwe upya baada ya mvua za kwanza.

Tafuta kitovu cha uzani kwa kuuninginiza uti kwenye kamba kabla ya kufunga bolti za umbo la U. Watu watatu ndio wachache kabisa: wawili wa kusimamisha na mmoja wa kupiga kelele.

Kama huna mota ya kuzungushia, funga antena ikitazama nyuzi 325 hivi za dira. Kutoka Kisumu, London iko karibu nyuzi 336 na New York 312, na miale ya elementi tatu ni mipana ya kutosha kushika zote. Tokyo iko 53, na kwa huko mimi huvuta kamba iliyofungwa kwenye ncha ya uti.

Radi

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Hilo mkazi wa Kakamega au Kisii hahitaji kufundishwa. Piga vijiti vya ardhi vya shaba chini ya mlingoti, uviunganishe kwa waya mnene ulionyooka, na viunganishwe pia na ardhi ya umeme wa nyumba. Weka kizuia radi cha kebo kabla haijaingia dirishani.

Vyote hivyo havizuii radi inayopiga moja kwa moja. Kwa hiyo ukimaliza kuongea, chomoa kebo na uitoe nje ya dirisha. Kuichomoa na kuiacha juu ya meza kando ya redio ni kujidanganya.

Matunzo

Siku antena inapopanda, andika SWR kwenye sehemu tatu za kila bendi, yaani megahezi 14, 21 na 28, pamoja na hali ya hewa. Daftari hilo litakuokoa na kupanda bure. SWR ikipanda mvua ikinyesha na kushuka jua likitoka, maji yako kwenye kichwa cha kebo. Ikibadilika bendi moja tu, shuku trapu. Ikicheza na upepo, kuna kiungo kimelegea. Ikishuka bendi zote polepole mwezi hadi mwezi, usifurahi: kebo inazeeka na kumeza nguvu.

Februari, kabla ya mvua ndefu, itazame kwa darubini: elementi zimenyooka? vifuniko vya ncha vipo? kamba zimechanika? Kila mwaka wa tatu ishushe, ufungue maungio, usugue na upake grisi upya. Ni kazi ya siku mbili, si ya siku moja kama utakavyomwambia mkeo.

Ncha za mabomba ziwe na vifuniko, la sivyo zitapiga mluzi usiku na nyigu watarudi. Pitisha kamba nyepesi ndani ya kila bomba la elementi. Inatuliza mtetemo wa upepo ambao huchosha alumini mpaka ikatike. Haiwafukuzi kongoti, lakini. Ndege hao wazito wa Kisumu wanapenda ncha za kiakisi, na akitua mmoja utaona bomba likiinama kama ndoano. Kwa hiyo unaponunua mabomba, ongeza moja jembamba la ncha, uliweke ndani ya nyumba na si uani, kwa maana wanunuzi wa skrapu hupita hata Jumapili.